Pikachu wa nyuma ya bajaji yangu ni dume au jike? Kreti la soda liko hatarini

Bajaji ya Kijenge
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnimalizie ubishi kabla sijatoa hela yangu bure. Nina bajaji, napiga Kijenge kushuka mjini Arusha, sasa mwezi uliopita nikampelekea fundi rangi anichoree kitu nyuma maana kila bajaji ina Messi au ina "Mungu mbele", nikamwambia wewe nichoree Pikachu, yule wa njano wa kwenye gemu na katuni za Pokémon. Kachora vizuri tu, mashavu mekundu, mkia wa radi, ila mwisho wa mkia akaukata kama kopa ya karata hivi, nikamuuliza akasema imependeza. Sawa, nikalipa. Jana nimepakia chalii mmoja wa Moshi, anashuka, badala ya kutoa nauli anazunguka nyuma anaanza kucheka, "broo umechora jike". Nikamwambia Pikachu ni dume, dunia nzima inajua. Tukawekeana kreti la soda. Swali ni moja, dume au jike? Sitaki maneno mengi.

Kiboriloni Kwanza
Abiria mwenyewe ndiyo mimi na kwanza kabisa nauli nilikupa, tena nilikupa elfu mbili ukasema huna chenji ukaondoka nayo. Usinichafue mbele za watu. "Badala ya kutoa nauli" maana yake nini?

Bajaji ya Kijenge
Chenji nilikupa ukaipokea kwa mkono wa kushoto, kumbuka vizuri.

Kiboriloni Kwanza
Mkono wa kulia ulikuwa umeshika begi. Chenji hukutoa. Watu wa Chuga ndivyo mlivyo.

Levolosi Juu
Mleta uzi kauliza habari ya panya wa njano nyie mko kwenye jero. Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi.

Chalii wa Gemu
Mjuzi kafika. Nina kibanda cha gemu Ngarenaro mwaka wa sita huu na hizi za zamani tunazicheza kwa emuleta, ile programu ya kuchezeshea gemu za zamani kwenye simu, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Gemu za kwanza kabisa, Red na Green za Japani 1996, hawa viumbe hawakuwa na jinsia, ila Nidoran peke yake ndiye alikuja wawili, na alama ya kike na alama ya kiume. Jinsia kwa wote imeingia Gold na Silver, 1999, sababu waliweka mambo ya kulea na kutaga mayai, sasa utatagishaje kama hujui nani baba nani mama. Halafu 2006 kwenye Diamond na Pearl ndipo wakaanza kuwatofautisha kwa macho, Pikachu jike mkia wake mwishoni umechanwa unakuwa kama kopa, dume umenyooka. Yule wa Ash, dogo mhusika mkuu wa katuni, ni dume, mkia wake umenyooka. Kwa hiyo Pikachu kwa ujumla ni nusu kwa nusu, unaweza kupata yeyote, ila aliyechorwa kwenye bajaji yako mkuu ni jike. Pole sana.
Afadhali hata sasa hivi, zile Gold na Silver jike alikuwa lazima aje na namba ndogo ya kushambulia kuliko dume, ukipata dume ulikuwa unashukuru Mungu.

Kiboriloni Kwanza
KRETI LANGU. Na iwe ya baridi.

Dada Njiro
"Ukipata dume ulikuwa unashukuru Mungu." Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani mtu umeulizwa mkia umeishia kutuambia jike ni dhaifu. Kibanda chako hicho wanakuja watoto wa kike au umewafukuza wote?

Chalii wa Gemu
Dada punguza moto, mimi sijasema jike dhaifu nimesema namba. Gemu ilikuwa haihifadhi jinsia pembeni, ilikuwa inaisoma kwenye ile namba ileile ya kushambulia, ikiwa ndogo ni jike ikiwa kubwa ni dume. Ilikuwa ni hesabu. Kuanzia Ruby na Sapphire 2002 wakaachana nayo, sasa hivi jike na dume nguvu sawa.

Dada Njiro
Hesabu imeandikwa na nani, na malaika? Kuna mtu alikaa kwenye kiti akaamua ikiwa ndogo iitwe jike. Angeweza kugeuza na gemu ingecheza vilevile.
Na mbona husemi Combee? Yule nyuki. Combee dume atabaki Combee mpaka kiama, hakui, jike ndiye anakuwa Vespiquen, malkia kabisa. Salandit hivyohivyo, dume anazeeka mjusi mdogo, jike ndiye anageuka Salazzle. Na bado wameweka kwenye Combee nane, saba ni madume, yaani unazunguka kwenye majani wiki nzima unatafuta jike mmoja. Nyuki wa kweli vibarua wote ni majike, dume hana hata mwiba. Nimecheza hizi gemu tangu darasa la tano na simu ya kaka yangu, usinifundishe.

Levolosi Juu
Kibanda kimepata mwenye nacho.

Kiboriloni Kwanza
Dada sasa na wewe usiegemee upande mmoja, Kirlia dume akipewa lile jiwe anakuwa Gallade ana mapanga mikononi, jike hapewi hiyo. Na wale watatu unaochagua mmoja wa kuanzia nao gemu, kwenye nane saba ni madume. Wenye gemu yao wanajua nani anabeba vita.

Dada Njiro
Wenye gemu yao wanajua nani ananunua. Tofautisha.

Ngorongoro Kila Wiki
Habari zenu vijana. Mimi ni dereva wa watalii, hizo gemu sizijui ila mwanangu ana picha ya mmoja anaitwa Pyroar, simba wa moto, wa 2013 nadhani, dume ana manyoya makubwa usoni jike ana kama rasta ndefu za nyuma. Hao angalau wamechungulia Serengeti wakajua. Lakini hili neno la "nani anabeba vita" limenichekesha maana wiki nzima niko porini na windo kubwa nimeona linafanywa na majike, dume anakuja na manyoya yake wakati nyama imeshalala. Na kama mnataka kujua ubishi wa dume na jike shukeni kreta mkamtazame fisi. Kila safari mgeni ananiuliza huyo ni dume? Namwambia mama subiri kwanza. Fisi madoa jike ana kiungo kama cha dume, ukimwangalia utaapa, na anazaa kwa hapohapo, mzao wa kwanza ni mateso matupu. Na ni mkubwa kuliko dume. Na ndiye mtawala, dume mgeni kwenye kundi anakula akiwa wa mwisho hata watoto wanamtangulia.

Mzee wa Usa
Fisi ana jinsia mbili. Mwaka huu jike mwaka unaofuata dume. Hilo babu zetu walilijua kabla ya watalii.

Ngorongoro Kila Wiki
Shikamoo mzee wangu. Hapana, hageuki. Jike anazaliwa jike anakufa jike, ila anavyoonekana kwa nje ndiyo kumewapoteza wazee. Mimi nimeona akinyonyesha.

Mzee wa Usa
Marahaba. Umemshika ukakagua?

Ngorongoro Kila Wiki
Mzee, fisi ashikwe?

Mzee wa Usa
Basi hujui. Unasema ulichoambiwa na Wazungu wa kwenye gari lako. Mimi nimechunga Maji ya Chai nikiwa na miaka kumi na fisi alikuwa anachukua mbuzi wetu kila wiki, nitashindwa kumjua?

Levolosi Juu
Mzee alikuwa anamwangalia fisi sehemu gani wakati mbuzi anaondoka

Mwalimu wa Zamu
Naomba niingie hapa maana mnapigana na kitu ambacho lugha yenu wenyewe imekataa kupigana nacho. Semeni "Pikachu amekuja". Nani kaja, wa kike au wa kiume? Hakuna anayejua na hakuna anayelala njaa. Kiswahili "yeye" ni mmoja, "a-" ni moja, kwa fisi, kwa malaika, kwa mwenye nyumba. Wajapani nao wanaweza kusimulia hadithi nzima bila kumtaja mtu kwa yeye. Shida inaanzia gemu ikifika kwenye Kiingereza, pale mtafsiri hana pa kujificha lazima achague, na vioja vipo, mtazameni Birdo, yule mwenye utepe kichwani anayetema mayai mdomoni, kijitabu cha Super Mario Bros. 2 cha Marekani mwaka 1988 kilimwandika kama wa kiume anayejiona msichana na anapenda aitwe Birdetta. Sisi tungeandika "anatema mayai" tukaenda kulala. Ugomvi wenu huu ni wa kuazima.

Kiboriloni Kwanza
Mwalimu shikamoo, lakini kama ni wa kuazima mbona tuna dume, jike, jogoo, tetea, beberu, fahali, mtamba? Babu yangu Kibosho ukimwambia nimekuletea ng'ombe anakuuliza kwanza swali hilohilo la bajaji.

Mwalimu wa Zamu
Anauliza kwa sababu anataka maziwa. Wewe kwa Pikachu unataka nini?

Kiboriloni Kwanza
Kreti.

Dada Njiro
Mwalimu hapo ndipo nilipotaka mfike. Kiswahili hakina shida kwenye "yeye" ila dume na jike sio majina ya wanyama tu. Mtu akifanya kazi nzuri "wewe dume". Akiogopa kuruka mtaro "acha ujike". Na mwanamke akiwa mkali hamkosi la kusema, mnamwita jike dume, yaani ili aheshimiwe lazima mmbandikie dume kwa nyuma. Kwa hiyo huyu wa bajaji hakuumia kwa sababu ya mkia, aliumia kwa sababu ameambiwa nyuma ya chombo chake kuna jike. Angeambiwa umekosea masikio angecheka.

Bajaji ya Kijenge
Sijaumia dada. Ila ukweli kijiweni wameanza kuniita mama Pikachu. Sasa hilo na wewe ungelipenda?

Dada Njiro
Mimi naitwa mama kila siku na sijafa.

Levolosi Juu
mama Pikachu 😂😂😂 nimeondoka nayo

Mama Mayai
Jamani watoto wangu mimi nafuga kuku Pasua huku Moshi, naona mnabishana nikasema nisipite kimya. Nilikuwa na tetea wangu mmoja wa kienyeji, kataga vizuri mwaka na nusu, ghafla akaacha, kilemba kikaanza kukua chekundu, miguu ikaota vipembe, siku moja alfajiri nasikia kinachowika sio jogoo wangu. Ni yeye. Majirani wakaja, mchinje huo ni mkosi. Nikamuita daktari wa mifugo akaniambia kuku ana mfuko wa mayai mmoja tu unaofanya kazi, ukiharibika kwa ugonjwa anaanza kufanana na jogoo, lakini bado ni jike. Aisee nilishangaa. Kwa hiyo mwanangu wa Ngorongoro nakuunga mkono, wanaonekana vingine.
Na hao wanaouza vifaranga wanasema wote matetea, nimenunua hamsini, miezi mitatu baadaye kumi na moja wanawika, nani atanirudishia chakula nilicholisha?

Ngorongoro Kila Wiki
Asante mama. Ulimchinja?

Mama Mayai
Ngoja nieleze. Hao vifaranga kwanza, niliuziwa na mtu wa pikipiki sokoni Mbuyuni, simjui jina…

Njoro Kati
Mama mimi pia nimeuziwa hivyohivyo, hebu eleza alikuwa na tenga la rangi gani

Mama Mayai
La bluu. Limefungwa na kamba ya katani.

Njoro Kati
NI HUYOHUYO. Mimi ishirini, kumi majogoo.

Tengeru Chini
Wekeni namba ya pikipiki hapa tumjue wote

Mama Mayai
Sikuiangalia mwanangu, niliangalia vifaranga.

Njoro Kati
Wataalamu huwa wanafunua manyoya ya bawa wakiwa wa siku moja wanajua, ila sio kila mbegu inasomeka hivyo, wengine wanakagua huku nyuma na hiyo ni kazi ya kusomea. Huyu wa tenga la bluu kasomea wapi.

Chalii wa Gemu
Jamani uzi ulikuwa wa Pikachu.

Mama Mayai
Mwanangu huyo Pikachu anataga?

Chalii wa Gemu
Ndiyo mama, kwenye gemu karibu wote wanataga, hata wanaofanana na panya na ng'ombe. Unaweka dume na jike kwa mlezi, unatembea tembea, unarudi kuna yai. Na kuna mmoja anaitwa Ditto, kama uji wa zambarau, hana jinsia kabisa ila ukimweka na karibu yeyote yai linatoka.

Kiboriloni Kwanza
Dume la mbegu la Arusha hilo.

Chalii wa Gemu
Na kuna vituko, Nidoran jike anataga vizuri akiwa mdogo, akishakua Nidorina na Nidoqueen hatagi tena, na haijawahi kuelezwa kwa nini.

Mama Mayai
Huyo anauzwa kwa supu. Kwangu ndivyo.

Kiboriloni Kwanza
Basi mama nisaidie hili, kuna Yoshi, mjusi wa kijani anapandwa na Mario tangu Super Mario World 1990, anameza adui anamgeuza yai. Kiingereza kinamwita wa kiume. Ni dume au jike?

Mama Mayai
Anataga?

Kiboriloni Kwanza
Anataga mwenyewe, mchana kweupe.

Mama Mayai
Tetea. Usinichoshe.

Chalii wa Gemu
Mama umemaliza mjadala wa miaka thelathini kwa neno moja. Ila kuna wengine hata wewe watakushinda. Azurill, mdogo wa bluu, kwenye wanne watatu ni majike, akikua anakuwa Marill na Marill ni nusu kwa nusu, sasa gemu ilikuwa inatumia namba ileile kupima na vipimo viwili tofauti, kwa hiyo kwenye Azurill majike watatu mmoja alikuwa anakua anaamka dume. Iliendelea hivyo tangu 2002 mpaka X na Y za 2013 ndipo wakairekebisha, jike akikua anabaki jike.

Mzee wa Usa
Sasa mmefika nilipokuwa nawasubiri. Kumbe kuna gemu mtoto analala na jike anaamka na dume na nyie mnacheka. Hayo ndiyo mambo yanaingizwa taratibu kwenye simu za wajukuu zetu. Nimewapokonya simu leo hii.

Chalii wa Gemu
Mzee wangu ilikuwa ni hesabu, na ilishaondolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Mzee wa Usa
Kila kitu kwako hesabu.

Dada Njiro
Hapo nakubaliana na mzee, kila kitu kwake hesabu.
Lakini shikamoo mzee, si wewe uliyesema fisi mwaka huu jike mwakani dume? Fisi akigeuka ni elimu ya babu, Azurill akigeuka simu zinapokonywa?

Mzee wa Usa
Fisi ameumbwa hivyo.

Ngorongoro Kila Wiki
Hajaumbwa hivyo mzee wangu nimeshasema. Kama unataka anayegeuka kweli nenda pwani, kuna samaki wadogo wa rangi ya chungwa wana mistari myeupe wanaishi kwenye matumbawe, wote wanaanza madume, jike mkubwa wa kundi akifa dume anayemfuata anageuka jike anashika nafasi. Hao wapo bahari yetu hii hii.

Mzee wa Usa
Mimi sili samaki.

Levolosi Juu
Nimecheka nimemwaga chai

Bajaji ya Kijenge
Wakuu naona siku ya tatu hii na jibu langu limezama kwenye kuku. Mimi nina swali la kisheria. Mwalimu wa Zamu alisema lugha haina shida. Sasa kilichoko nyuma ya bajaji ni picha. Picha ni ngeli ya I-ZI. Picha haina dume wala jike. Kwa hiyo kreti limekufa.

Mwalimu wa Zamu
Umenisikiliza vibaya lakini hoja yako ina miguu. Picha imechorwa. Pikachu amechorwa. Inategemea mliwekeana dau juu ya nani.

Kiboriloni Kwanza
Swali lilikuwa "Pikachu ni dume au jike", halikuwa "picha ni ngeli gani". Rudi posti ya kwanza usome ulichoandika kwa mkono wako. Na chenji yangu iongeze juu ya kreti.

Bajaji ya Kijenge
Kwanza Pikachu wa Ash ni dume, Chalii wa Gemu kasema. Mimi nilimwambia fundi nichoree yule wa katuni. Nia yangu ilikuwa dume. Fundi ndiye kakosea, kamdai yeye.

Dada Njiro
Nia yake ilikuwa dume 😂 hata kanisani hawapokei hiyo.

Tengeru Chini
Mama Mayai yule tetea wako anayewika ulimchinja au yupo?

Mama Mayai
Yupo. Saa kumi na moja ananiamsha kuliko jogoo mwenyewe. Jogoo nilimuuza.

Bajaji ya Kijenge
Taarifa. Leo asubuhi nimempigia fundi kaja na brashi kafuta ile kopa, kaunyoosha mkia. Tena hakunidai hata mia. Sasa ni dume, tumalize.

Kiboriloni Kwanza
Umefuta kwa nini kama hukuwa na kesi?

Bajaji ya Kijenge
Rangi ilikuwa imeanza kubanduka kwa mvua.

Chalii wa Gemu
Mkuu weka picha tuone.

Bajaji ya Kijenge
Bado haijakauka. Ila kuna kitu kimenisumbua, nimepakia mama mmoja pale Sanawari, kashuka, kaangalia nyuma muda mrefu, akaniuliza mwanangu huyu sungura anatangaza dawa ya nini.

Kiboriloni Kwanza
Sungura au si sungura, kesho napita stendi yako saa mbili. Mirinda sita, Fanta sita, zilizobaki Coca. Na nauli silipi.